Usimpulizie Hakimu

Mbwa mwenye uso bapa hakoromi kwa sababu ya usingizi. Hukoroma akiwa macho, akila, akikutazama, hata akiwa amenuna. Ukikaa naye siku nyingi husikii tena, kama mtu aliyepanga jirani na mashine ya kusaga. Ndiyo maana Mama Brashi alichelewa kugundua kwamba pumzi ya mbwa yule ilikuwa inaingia tu, haitoki.

Kazi ya Mama Brashi ilikuwa kuosha na kunyoa mbwa wadogo. Aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho zamani kilikuwa sebule: meza iliyotandikwa mpira ili mbwa asiteleze, karai kubwa la kuogeshea, vizimba vitatu ukutani, na draya ya kukaushia manyoya, inayounguruma mpaka vikombe vya jikoni vinatetemeka. Jina hilo alipewa na mtaa. Mumewe, fundi wa majokofu, alimwita Mama Tonge, kwa jina la utani la binti yao wa pekee, ambaye siku anazaliwa mkunga alimwinua juu akasema huyu si mtoto, huyu ni tonge. Mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mume, alimwita "wewe".

Kwa kazi alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilimtosha: haambiliki. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka na beseni la nguo akaanike, ili akuonyeshe.

Alikuwa na mazoea mawili ya mdomo, yote ameyatoa kwa mwanamke aliyemfundisha kazi. La kwanza alilijua. Mbwa wadogo wana ugonjwa wao wa ghafla, ile chafya ya kurudi ndani: mbwa ananyoosha shingo, macho yanamtoka, anavuta hewa kwa mkoromo mfululizo kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Hapo Mama Brashi humshika taya, akampulizia puani, fyu, mbwa akashtuka, akameza mate, yakaisha. La pili hakulijua kabisa, kwa kuwa mkono ulishalizoea. Kila akimpitishia mbwa mashine ya kunyolea mara mbili tatu, aliiinua mpaka mdomoni akapuliza manyoya yaliyonasa kwenye meno yake. Fyu, anaendelea. Ungemuuliza leo umepuliza mara ngapi, angekuapia hajapuliza hata mara moja.

Aliyelijua hilo la pili ni mama mkwe, kwa sababu manyoya yalikuwa yanaishia kwenye chai yake.

"Unapulizapuliza nini kama nyoka?"

"Mama, usianze."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, asubuhi na jioni. Fundi wa majokofu alikuwa akiyasikia anaokota kisanduku chake cha vifaa na kukumbuka kuna mteja anamsubiri.

Mbwa yule aliletwa na dereva. Alikuwa mdogo, rangi ya kahawia iliyopauka, uso umekunjamana, mashavu yamening'inia. Tonge alimtazama alivyokaa mezani kwa dharau, kama anayesubiri kumfunga mtu, akamwita Hakimu papo hapo. Dereva hakutaka kuingia ndani.

"Mwenyewe amesafiri," akasema akiwa kizingitini. "Nitamfuata jioni."

"Anaumwa?"

"Anakoroma tu, kama wenzake. Lakini dada, akibanwa, mwache. Usimpulizie."

Mama Brashi akasimamisha mkono. "Nani kakuambia mimi nampulizia?"

"Sijui. Nasema tu. Kule kwao hakuna anayepuliza kitu. Chai wanaiacha ipoe yenyewe. Mimi siku ya kwanza ya kazi nilikatazwa kupiga mluzi, na sikuambiwa kwa nini."

"Wewe endesha gari, kaka. Mbwa niachie mimi."

Dereva akamtazama Tonge, aliyekuwa tayari ameingiza vidole kwenye mikunjo ya shingo ya Hakimu. Akafungua mdomo aseme jambo, akaghairi, akaenda zake kwa hatua za mtu aliyeponea chupuchupu. Jioni hakuja. Kesho yake simu yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena.

Mchana wa siku ileile aliyoletwa, Hakimu alibanwa. Alikuwa mezani, amelowa, draya ikiunguruma. Mama Brashi alipoizima ili ampulizie, mkoromo ulibaki chumbani peke yake, mrefu, hauna kituo. Akamshika taya, akainama, akapuliza.

Hakimu hakushtuka wala hakumeza mate. Alifumba macho polepole kama mtu aliyepewa maji baada ya kiu kali. Kisha akavuta. Mama Brashi alikuwa ameshafunga mdomo, na bado alihisi hewa ikimtoka, inapita puani inakwenda zake, mpaka kifua kikanywea akashika ukingo wa meza. Ikaja harufu pia. Harufu ya mbwa aliyelowa alikuwa hata haisikii tena, miaka yote hiyo. Hii ilikuwa ya chupa ya chai iliyofungwa kifuniko ikasahauliwa ikiwa na maji ndani.

Akacheka peke yake. Akasema ni njaa.

Alipoanza kumnyoa, kila alipoinua mashine mdomoni, Hakimu aliinua kichwa na mianzi ya pua ikapanuka. Mama Brashi alidhani amependwa.

Siku zilizofuata Hakimu alibanwa kila mara, na kila mara Mama Brashi alimpulizia, kwa sababu dawa yake ilikuwa inafanya kazi. Aliyebadilika ni yeye. Kubeba ndoo ya maji toka bombani kulimhemesha. Akawa anakaa katikati ya kumwosha mbwa.

"Siku hizi unatweta kana kwamba wewe ndiye uliyezeeka," mama mkwe akamwambia.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza afya."

"Hukuuliza. Umesema."

Tonge ndiye aliyesema la kweli, kama kawaida ya watoto, na kama kawaida hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa amelala chini ya meza, sikio kwenye ubavu wa Hakimu. "Mama, humu ndani kuna mtu anavuta kamasi. Anavuta tu, hapengi."

Kisha kikatokea kifo cha Pamba. Huyu alikuwa mbwa mweupe wa mwalimu mstaafu, mdogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa shule. Aliwekwa kizimba cha kwanza, Hakimu alikuwa cha tatu, katikati yao kitupu. Mama Brashi akiwa anakunja mataulo alisikia mkoromo mmoja, akageuka, akaona midomo miwili imeachama. Mbwa wawili, vizimba viwili, wanavuta pamoja kama wameambizana. Pamba hakuwahi kukoroma maishani mwake. Akamtoa mbio, akampulizia mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila pumzi aliyompa ilipita ndani ya mwili ule mdogo bila kuuinua, na nyuma yake Hakimu alikuwa akifumba macho kwa utamu. Pamba akalegea mikononi mwake, ulimi nje, ametulia.

Mwalimu mstaafu hakulia. Alimbeba Pamba kifuani, akasema kwa sauti ya darasani, ili waliokuwa nje wasikie, "Nimekuletea akiwa anaruka. Umemfanya nini?"

"Pumzi ilimbana, mwalimu. Hawa mbwa wadogo..."

"Huyu hakuwa hawa. Huyu alikuwa wangu."

Mtaa una masikio. Kufikia mwisho wa wiki wateja walikuwa wanapita mbele ya mlango wake wakiwa wamewanyanyua mbwa wao begani. Wenzake Tonge waliitwa majumbani kila alipotoka kucheza. Mtu alimwaga maji machafu kizingitini alfajiri, na hakuna aliyekiri. Mama Brashi aliyapiga deki akiwa amekunja uso, akimlaani kila mmoja kwa zamu.

Daktari wa mifugo alikuja kwa kuitwa, kijana mrefu, mchangamfu. Akamgeuzageuza Hakimu, akamtazama kooni. "Hawa maumbile yao ndiyo adui yao," akasema. "Pua fupi, kaakaa refu, bomba la hewa laini. Hewa ikipita panapiga kelele. Akibanwa mpapase koo ameze mate, inatosha." Akavaa masikioni chombo chake cha kusikilizia kifua, akakiweka kwenye ubavu wa Hakimu, tabasamu likiwa bado lipo. Akasikiliza. Akasikiliza zaidi ya inavyohitajika. Tabasamu likabaki usoni limesahauliwa. Alipovua chombo aliyapangusa masikio yake kwa shati, moja baada ya jingine.

"Vipi, daktari?"

"Mrudishe kwa mwenyewe."

"Mwenyewe hapatikani."

"Basi mtafute," akasema akifunga mkoba, na hakuupiga kufuli vizuri, vitu vikawa vinamwangukia njiani.

Hapo ndipo mtu mwingine angeogopa. Mama Brashi alikasirika. Alikasirikia dereva, mwalimu, daktari, mtaa mzima, na zaidi ya wote mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha jikoni akisema, bila kumtazama mtu, kwamba mbwa aliyeachwa mlangoni haachwi bure.

Siku iliyofuata, jua la mchana likiwa limejaa chumbani, Tonge alinyoosha shingo. Alikuwa anachora sakafuni. Penseli ikamwanguka, macho yakamtoka, na kooni mwake ukatoka ule mkoromo wa kiti kinachoburutwa. Mama yake alimrukia. Na mkono, mkono huo wa kazi uliofanya jambo moja miaka yote bila kumuuliza mwenyewe, ukamshika mtoto taya, na mdomo ukapuliza.

Fyu.

Tonge akafumba macho polepole.

Kisha akasema. Sisi sote huongea tukitoa hewa. Jaribu kusema ukiwa unavuta, usikie inavyokwaruza. Ndivyo alivyosema mtoto wa miaka sita, maneno yakiingia ndani badala ya kutoka, kwa sauti ambayo haikuwa na umri:

"Umenipa. Nipe tena."

Walimkimbiza hospitali. Madaktari walimvukizia dawa, wakampiga picha, wakasema kifua ni kisafi na koo ni safi, labda ni woga wa mtoto kwa kifo cha mbwa. Alirudishwa nyumbani amelala begani kwa baba yake, midomo imekuwa ya kijivu, akivuta.

Fundi wa majokofu, ambaye maishani mwake hakuwahi kubishana na mwanamke yeyote wa nyumba ile, alimlaza mtoto kitandani, akasimama. "Namleta mtu," akasema. "Na asinijibu mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mganga aliyejulikana kwa jina la Bi Chafya, kwa sababu manyoya ya mnyama yeyote yalimpigisha chafya mpaka machozi yamtoke. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kushona mapazia. Uganga alikuwa anaitiwa. Alifika na mfuko wa plastiki na kioo kidogo cha mkononi. Alipita mbele ya vizimba, akapiga chafya nne, akamtazama Hakimu kwa chuki ya wazi, akaingia chumbani kwa mtoto. Akaweka kioo chini ya pua ya Tonge. Mtoto akavuta. Kioo kikabaki kikavu, kinang'aa.

"Ubani sitawasha," Bi Chafya akanong'ona. "Huyu hana kifua cha moshi. Nani alimpulizia mbwa?"

Fundi wa majokofu akamtazama mkewe. Kisha Mama Brashi akasema, "Mimi. Akibanwa. Ndivyo tunavyofanya kazini."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Mara moja."

"Hakukutahadharisha mtu?"

Mama Brashi akatazama chini.

"Hili ni jini lisilo na pumzi yake," mganga akasema, taratibu, kama anayeogopa kusikiwa kitandani. "Linaishi kwa za kupewa. Kuvuta linajua, kutoa halijui. Limekaa kwa mbwa wa namna ile kwa kuwa akikoroma hakuna anayeshangaa. Lakini halimwingii mtu mpaka mtu amefungua mwenyewe, kwa kinywa chake. Wewe umefungua. Sasa fikiri vizuri. Kuna kitu kingine unachopuliza?"

"Hakuna."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa miguuni pa mjukuu wake, akajikohoza. "Kipo. Kila siku akishika ile ma..."

"Mama, usianze." Sauti yake ilipasuka. "Leo si siku ya manyoya kwenye chai yako. Mwanangu anakufa."

Bi Chafya akamgeukia mzee. "Ulikuwa unasemaje, mama?"

Mama mkwe akamtazama mwanawe. Fundi wa majokofu akasema kwa upole, "Mama, yaishe kwanza." Yule mzee akajivutia mtandio mabegani. Alikuwa amekatizwa katika nyumba ile kwa miaka, akiomba chumvi anakatizwa, akitoa salamu anakatizwa, na hili la leo, mbele ya mgeni, lilimuuma kupita yote.

"Sina la kusema," akasema. "Wenye nyumba wameshasema. Mimi nisisemeshwe tena."

Bi Chafya hakuwa na muda wa kubembeleza. Alifunga madirisha. Akamkalisha Mama Brashi kitandani, akamshikisha mkono wa mtoto. "Funga mdomo. Litakuomba, na litakuomba kwa sauti yake. Usimpulizie, usimbusu, usimwite hata jina. Likikosa kwako litatoka likatafute kwingine."

Likaomba. Kwanza lilikoroma tu, likamvimbisha Tonge kifua mpaka mbavu zikahesabika juu ya nguo, na Mama Brashi akafunga mdomo. Kisha likasema Mama naumwa, Mama nipulizie kidogo tu kama Hakimu, kwa kile kisauti cha kudeka alichokuwa nacho Tonge akitaka kubebwa, likisema na kuvuta, likisema na kuvuta, na pazia la dirisha lililofungwa likaanza kujongea kuelekea kitandani, na mtandio wa mama mkwe, na nywele za paji la uso la Mama Brashi, vyote vikielekea kinywa kile kidogo cha kijivu ambacho yeye ndiye aliyekinyonyesha, na harufu ya chupa iliyosahauliwa ikawa nzito mpaka mumewe akaziba pua kwa kiganja, na mkono wa mtoto ukawa baridi ndani ya mkono wake, na yeye akang'ata midomo damu ikamtiririka kidevuni, na hakupuliza. Katika chumba cha mbele Hakimu akalia kilio kimoja kirefu. Mlango wa nje ukabamizwa, na hakuna aliyekuwa mlangoni.

Tonge akapiga chafya. Chafya ya kawaida, ya kutoka nje, na kamasi juu. Bi Chafya akaweka kioo chini ya pua yake, na kioo kikapata ukungu.

Fundi wa majokofu alikaa sakafuni akalia kama mtoto. Mama Brashi hakulia. Alikuwa anatazama ule ukungu ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, na hakutaka mtu amwondoe.

"Limetoka, halijaenda," Bi Chafya akasema akikusanya vitu vyake. Kioo alikiacha. "Linazunguka nyumba. Litazunguka mpaka mwezi uandame, kisha litachoka. Mlango wake ni kinywa chako wewe, uliyelifungulia. Usipulize kitu. Ukipuliza hata mara moja, litaingia kwa mtoto moja kwa moja, na safari hiyo halitaomba."

"Na draya?" Mama Brashi akauliza.

"Hiyo ni mashine, haina roho. Nasema kinywa."

Nyumba ikaanza maisha ya ajabu. Mama Brashi alikunywa chai baridi na kula chakula baridi. Umeme ukikatika, mshumaa aliuzima mumewe, tena nje. Tonge alipochubuka goti, mama yake alikaa mbali ameziba mdomo kwa viganja viwili, akitikisa kichwa, mpaka mtoto akacheka. Rangi ilimrudia Tonge. Hakimu naye akawa mbwa tu, anakoroma kuingia na kutoka kama msumeno wa seremala, na akaanza kutafuna viatu.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa ameapa, na yeye kwa kushika neno lake alikuwa hodari kuliko kwa kupika. Vifaa vya kunyolea vilikuwa vimefungiwa kabatini, mlango wa kazi umefungwa, na alijiambia bado kuna wakati. Siku moja alimwambia mwanawe, "Mkeo na ile mashine yake," na mwanawe akasema, "Mama, tumepumzika kidogo, nakuomba." Basi akanyamaza tena.

Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha uliokatwa alipokuja mwenye duka la viatu. Ndiye mteja wa kwanza kurudi. Mbwa wake mweupe alikuwa amefungana manyoya mpaka ngozi inavutika, akitembea analia. "Wengine wote wanamtesa," akasema. "Wewe ndiye fundi." Mganga alikataza kupuliza, hakukataza kazi. Mama Brashi alifungua kabati, na alipoishika mashine mkono wake ulifurahi.

Asubuhi ile mama mkwe aliingia chumba cha kazi kabla ya mbwa kuwekwa mezani. Alikuwa ameshona kitambaa cha kufunga mdomo, kizuri, chenye kamba mbili za kufungia nyuma. Hakusema. Alikiweka juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja, akarudi kwenye kiti chake cha jikoni ambacho alikuwa amekisogeza mpaka mlangoni, aweze kuona. Mama Brashi alikiona. Akaona pia kimetoka kwa nani. Akakichukua, akafutia miguu ya mbwa.

Kazi ikaanza. Tonge alikaa kizingitini akimsuka mwanasesere wake. Hakimu alikuwa chini ya meza, anakoroma. Mashine ikapita mgongoni mwa mbwa, ikapita ubavuni, manyoya meupe yakaanguka kwa mafungu, na Mama Brashi alikuwa na raha ya mtu aliyerudishiwa mikono yake. Ikapita shingoni. Meno ya mashine yakanasa.

Mama mkwe aliuona mkono ukianza kupanda. Akasimama, kiti kikaanguka.

"Wewe," akasema, na sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa kimya siku nyingi. "Wewe, mdomo..."

"Mama, usianze."

Akapuliza. Fyu.

Manyoya yakaruka, yakakaa hewani kwenye mwanga wa dirisha. Yalitakiwa kushuka. Badala yake yakaanza kwenda, polepole, yote upande mmoja, yakipita ukingo wa meza, yakipita karai, yakielekea kizingitini. Mama Brashi akayafuata kwa macho. Akaitazama mashine iliyokuwa mbele ya midomo yake, na kwa mara ya kwanza maishani akaona anachofanya.

Alizima mashine. Chini ya meza Hakimu alikuwa kimya. Harufu ya chupa ya chai ilikuwa imeshaingia.

Tonge alikuwa amenyoosha shingo, mwanasesere amemlalia magotini, manyoya meupe yamejaa midomoni mwake. Alikuwa anavuta. Hakusema kitu, hakuomba kitu.

Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza, na kile kioo cha Bi Chafya mkononi. Akapiga magoti, akakiweka chini ya pua ya mjukuu wake. Mama Brashi akaanguka kando yake, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Pumzi ikaingia, ikaingia, ikaingia. Wanawake wawili wakainama juu ya kioo, vichwa vikigusana kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wakasubiri kipate ukungu.